Oundo Mtangaza Vifo na Binti wa Foleni

Oundo alikuwa mtu wa vifo. Ukifiwa Busia, upande wa Uganda, hukuhangaika kuuliza nani atakutangazia msiba; ulikwenda kwa Oundo. Kwa miaka mingi alisoma matangazo ya matanga katika kituo kidogo cha redio pale mjini, kwa sauti nzito iliyomfanya hata mlevi wa kupindukia asikike kama mzee wa kanisa. Hakuwa na haraka. Alianza na salamu, akamshukuru Mungu, akaingia kwenye ukoo, akashuka kwa watoto na wakwe, kisha akafika pale ambapo watu walipapenda zaidi: "Habari hizi zimfikie Bwana fulani wa Molo, naye awajulishe wenzake wa huko, zimfikie Mama fulani wa Buhehe, naye awajulishe wa huko." Mwisho kabisa, wasikilizaji wakiwa wameacha kutafuna, ndipo alipotaja siku ya maziko.

Watu walisubiri kwa sababu redio haikuwapa njia nyingine. Huwezi kuishika redio ukairukisha mbele. Oundo hakuliona hilo. Yeye alijua kwamba walisubiri kwa ajili yake, na jambo kama hilo mtu akishalijua miaka yote hiyo, ni vigumu kulitoa kichwani mwake.

Halafu wenye redio wakaamua saa ile iwe ya muziki. Oundo hakulia. Alifungua ukurasa wa Facebook, akauita Matanga na Maziko ya Mpakani, akabandika picha yake akiwa na tai, akaanza kuandika vilevile alivyokuwa akisoma. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, maana hakukuwa na mwingine. Watu wakimwona njiani walimwambia pole na kazi, naye akawa anatembea taratibu ili wapate nafasi ya kumwambia.

Ndipo akatokea Marion.

Marion alikuwa wa Busia ya pili, ile ya ng'ambo ya lango, Kenya. Aliajiriwa katika ofisi ya kupitisha mizigo forodhani, na kazi hiyo ilimfanya ajue mapema hali ya foleni ya malori. Akawa anaiandika kwenye ukurasa wake ili madereva wajipange. "Foleni imefika kituo cha mafuta. Mizani inafanya kazi. Ukiwa Tororo, kula kwanza." Basi, kaishia hapo. Dereva amesimama juani, simu yake kioo kimepasuka, jasho linamwingia machoni, lakini anatupa jicho mara moja na kazi imekwisha.

Oundo alipoonyeshwa alicheka mpaka akakohoa. "Hii nayo ni kuandika? Hata salamu hana." Akampa jina la binti wa foleni, na kwa muda akalisahau suala lenyewe.

Lakini Eriya, mwenyekiti wa waendesha bodaboda pale langoni, alipofariki, vijana wake walikwenda kwa Oundo kwa heshima, na kwa Marion kwa haraka. Oundo akaandika tangazo lake, ukisukuma kidole kwenye simu unashuka, unashuka, unashuka. Marion akaandika: "Eriya, mwenyekiti wetu wa boda, amefariki. Maziko ni Jumanne saa nane mchana, kwake Buhehe. Njia ya chini imejaa maji, piteni ya kanisani." Kufikia jioni tangazo la Marion lilikuwa limezunguka mpaka Malaba. La Oundo lilikuwa limepata vidole gumba vichache, na kimoja kilikuwa chake mwenyewe.

Hapo wivu ukamshika. Sitaupaka rangi, ulikuwa wivu mtupu, ule unaokaa chini ya koo na kufanya chai isishuke. Asubuhi kabla ya kunawa uso alifungua ukurasa wa Marion. Akiwa chooni aliufungua. Mkewe Proscovia akiingia ghafla, aliufunga upesi kama mtu aliyekutwa akidokoa nyama jikoni. Alisoma kila alichoandika yule binti akitafuta kosa, na alipokosa kosa alikasirika zaidi kuliko kama angelipata.

"Baba Arnold," Proscovia akamwambia siku moja, "kitu yako unaandika iko mzuri. Lakini siku ya kuzika iko mbali sana. Simu inakata maneno yako kule juu, inaandika Soma Zaidi. Mtu anaona salamu tu. Hapana bonyeza."

"Kwa nini hapana bonyeza?"

"Amechoka. Ako na mtoto mgongoni, ako sokoni. Anataka kujua nani amekufa na anazikwa lini."

"Kifo siyo foleni ya malori," Oundo akasema. "Mtu ameishi miaka sabini, mimi nimwandike mistari mitatu kama mbuzi amepotea?"

Proscovia akarudi kukunja nguo zake za kuuza. Aliuza mitumba sokoni, na huko alikuwa amejifunza kumwacha mteja aendelee kusema mpaka achoke. Tena neno lile la mbuzi lilikuwa na ukweli ndani yake, na yeye aliujua, ila haukuwa ukweli wote.

Oundo hakuridhika. Mke wa Eriya alikuwa ametoka Molo, ile ya upande wa Tororo, na kwa desturi wakwe wasipotajwa kwenye tangazo, hilo ni tusi la kuvunja undugu. Marion hakuwataja. Oundo akapanda bodaboda mpaka Molo, mchanga wote ule wa barabarani ukimwingia mdomoni, kwenda kuwasha moto. Alimkuta Otai, mkwe wa marehemu, akigeuza mihogo iliyoanikwa uani.

"Mzee Otai, mimi nimekuja kwa uchungu," akaanza. "Mumedharauliwa. Ule binti wa Kenya ameandika kifo ya Eriya, na jina yenu hakuna."

Otai aligeuza kipande kingine cha muhogo. "Mimi niliona siku. Niliona saa. Niliona na ile njia iko na maji. Tulifika watu wa hapa wote, hakuna aliyelowa. Jina yangu mimi najua mwenyewe."

"Lakini mimi niliwataja. Niliwataja wote, na babu yenu."

"Ile yako ni ile inaanza na salamu?"

"Ndiyo hiyo."

"Hiyo tulisema tutasoma tukimaliza kula," Otai akasema bila ubaya wowote, akamwitia maji ya kunywa.

Ukitaka kumuumiza mtu mwenye wivu, mjibu kwa upole. Oundo alirudi Busia akiwa amevimba. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la Wana wa Mpakani, ambalo yeye ndiye aliyelianzisha na ndiye aliyeshika funguo zake, na jioni ile akamtoa Marion bila neno la kwa heri. Haikusaidia. Watu walianza kunakili maandishi ya Marion na kuyaleta wenyewe kundini, na yeye hakuweza kuwafukuza wote, maana angebaki akijisalimia peke yake.

Oundo alikuwa na mama, Mama Nangila, mjane aliyekaa peke yake Buhehe na bado akilima wimbi na karanga. Kila Jumapili baada ya ibada Oundo alikwenda kumwona. Mama alikuwa mtu wa matanga kuliko hata mwanawe. Hakuna msiba wa jirani uliompita, na hakuwahi kwenda mikono mitupu. "Wiki hii nani ametuacha?" alikuwa akiuliza, na Oundo akamweleza kwa kirefu, huku yeye akibambua karanga na mara nyingine akisinzia kidogo. Alipoamka alimkuta mwanawe bado anaeleza. Hakumkatiza hata mara moja.

Mvua za masika zilipokolea, Mama Nangila akaugua kifua, na kabla hawajapata gari la kumpeleka hospitali akafariki kitandani kwake.

Oundo alivunjika. Lakini ndani ya kuvunjika huko kulikuwa na jambo moja alilolishikilia kwa kucha. Mama aliyewazika watu wote hawa asizikwe na watu wachache. Katika nchi ile, boma likiwa tupu siku ya maziko, aibu yake huwafuata mpaka wajukuu. Alitaka watu wajae mpaka barabarani. Tena alitaka wajae kwa kuitwa na yeye.

Akaketi akaandika. Alilia, akaandika, akapangusa kioo cha simu kwa shati, akaendelea. Aliweka salamu kwa makanisa, akaweka zaburi, akaweka ukoo wa baba na ukoo wa mama, mashemeji wa Tororo, binamu wa ng'ambo, wajukuu kwa majina. Mwisho, chini kabisa, akaandika kwamba maziko yatakuwa Jumamosi. Proscovia alisoma akishusha kidole kwa muda mrefu.

"Mama yuko wapi hapa ndani?" akauliza.

"Yuko. Angalia hapa, nimeandika marehemu."

Kesho yake wazee wa ukoo wakaja na habari nyingine. Jumamosi kulikuwa na kaburi lingine la ukoo uleule, na hawakukubali makaburi mawili ya nyumba moja yagawane watu siku moja. Mama Nangila angezikwa Ijumaa. Oundo akarudi kwenye tangazo lake na kuongeza maneno chini ya yale ya chini: "Tanabihi. Wapendwa, kutokana na sababu ambazo hazikuweza kuepukika, na baada ya mashauriano marefu ya wazee..." Nani angefika huko?

Chini ya tangazo watu waliandika pole, poleni, Mungu ampumzishe. Walikuwa wengi, na Oundo alifarijika. Halafu simu zikaanza. "Oundo, pole sana ndugu yangu. Mnazika lini?" Akimaliza huyu, anapiga mwingine: "Pole. Ni Jumamosi, eti?" Aliwajibu kwamba ameandika kila kitu. Walisema wameona, ndiyo, ila ni lini? Kufikia Jumatano jioni sauti yake ile nzito ilikuwa imekauka, na bado wengi wa aliowataka hawakuwa wamepiga kabisa.

"Wacha nimwambie Marion aandike," Proscovia akasema.

"Huyo hapana gusa mama yangu."

"Baba Arnold, watu watakuja Jumamosi wakute kaburi limefunikwa."

"Afadhali mama azikwe na watu wawili wamesoma ya kwangu," Oundo akasema, "kuliko mia wamesoma ya yule."

Alilitamka, na mkewe alilisikia. Mtu akiwa na msiba husamehewa mengi, lakini hilo mimi nashindwa kulitetea. Proscovia alimtazama, akajifunga leso, akatoka kwenda kutafuta masufuria ya kuazima.

Ijumaa mvua ilianza mapema, manyunyu tu. Oundo alisimama mlangoni mwa mama yake akiangalia boma. Kulikuwa na majirani, wazee wa ukoo, kina mama wa kanisa jikoni, na viti vingi vya plastiki visivyo na mtu. Alijiona akizungumziwa miaka yote iliyobaki kama mtangaza vifo aliyemzika mama yake mbele ya viti vitupu.

Kisha pikipiki zikaanza kuingia. Moja, halafu kundi, vijana wote wa Eriya na vizibao vyao. Pikapu ya watu wa Molo ikafika, Otai akiwa mbele kando ya dereva. Wachuuzi wa samaki wakaja, wabadilisha fedha wa langoni wakaja, madereva wa malori ambao Oundo hakuwahi hata kuwaona wakaja kwa miguu kutoka kanisani, viatu wameshika mkononi. Viti vilijaa, watu wakasimama, wakafika mpaka barabarani. Oundo alinyooka. Kifua kilimjaa, na si kwa huzuni peke yake. Wamesoma, alijiambia. Wamesoma mpaka chini.

Dereva mmoja mrefu kutoka Kenya, aitwaye Nashon, alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Pole sana, mzee wangu. Mama alikuwa akitupatia viazi tukikwama hapa wakati wa matope. Tuliona kwa Marion, tukasema hii hatuwezi kukosa."

Mtu asiyejua wivu atasema kwamba mbele ya jeneza la mama mzazi, wivu hunyamaza. Haunyamazi. Ulimpanda Oundo palepale, mkono wake ukiwa bado ndani ya mikono ya Nashon, moto kuliko siku zote, na akaona kwamba watu wote wale waliojaa mpaka barabarani walikuwa wa mwingine. Alimtafuta binti yule kwa macho. Akamwona nyuma ya jiko, mikono imefunikwa na povu, anaosha vikombe pamoja na kina mama.

"Nani alikupa ruhusa?" Oundo akamuuliza. Hakumpa hata salamu, yeye, mtu wa salamu.

Marion alisimama, akajipangusa mikono kwenye sketi. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania, na macho yake yalikuwa mekundu. "Pole, mzee Oundo. Mama Arnold ndiye aliniambia siku imebadilika."

"Sikuulizi siku. Nani alikuambia umwandike mama yangu?"

"Ni kukhu mwenyewe," Marion akasema. Hilo ndilo neno la bibi kwa watu wa pande zile. "Nilikuwa nakuja kununua unga wa wimbi kwake. Alikuwa anapenda nimsomee zile za foleni, anacheka. Mwezi wa tatu akaniambia, siku nikienda, wewe ndiye utaniandikia. Akaniambia na maneno ya kuweka."

Akatoa simu, akampa. Oundo aliipokea kwa nia mbaya. Alitaka kuona salamu iliyokosekana, mkwe aliyesahauliwa, chochote cha kushika.

"Mama Nangila wa Buhehe ametuacha. Anazikwa Ijumaa saa saba mchana, nyumbani kwake. Pikipiki zinafika kanisani, kutoka hapo ni matope, vueni viatu. Kama aliwahi kukupa chakula, njoo. Mwanawe Oundo msimpigie simu. Analia."

Aliyasoma mara moja na yakaisha. Alirudi juu akasoma tena. Alitafuta mahali pa kuongeza neno lake moja tu, lolote, na kila alipojaribu aliona limebanana. Mama yake alikuwa mle ndani. Alikuwa amekaa mle na sufuria yake ya viazi, anamwangalia.

"Haya ya mwisho," akasema, "haya ni yako?"

"Ni yake. Alisema nisiyaondoe."

"Mwezi wa tatu."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nilikuwa nakuja hapa kila Jumapili. Kwa nini hakuniambia mimi?"

Marion aliangalia vikombe. Ilikuwa wazi kwamba angependa kuendelea kuviosha. "Alisema ungeanza kubishana naye kwamba hafi," akasema. "Na alisema, Oundo akianza kuniandika mimi, hatamaliza."

Mchungaji alikuwa akimwita Oundo. Mtoto wa kwanza aje aseme machache, na neno hilo la machache mchungaji alilikaza, watu wakacheka kidogo kwa upendo. Oundo akarudisha simu, akaenda akasimama kando ya jeneza, mbele ya watu wengi kuliko aliowahi kuwaota. Akaanza kusema. Alisema habari za karanga, na za viazi, na jinsi mama alivyosinzia akisikiliza vifo vya watu wengine, na hakutaja ukoo hata mmoja. Manyunyu yakawa mvua. Alisema kwa muda mrefu sana, na hakuna aliyeondoka.

Marion alisikiliza naye, amesimama mbele kabisa, analia waziwazi kama mjukuu. Oundo alimwona, na katikati ya maneno yake akamwonea wivu kuliko alivyowahi kumwonea kwa lolote aliloandika, maana yeye ndiye ambaye mama alimuaga.